Dada wa Gesti

Mimi nina wivu na sijawahi kukana. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nimenuna kwa sababu mtoto wa kitanda cha pili pale wodini alifunikwa kanga mpya. Kwa hiyo nikisema kwamba mwaka ule hapa Durban nilikonda kwa wivu, mniamini. Nilikonda mpaka sketi zikawa zinanizunguka kiunoni, na wateja pale saluni Overport ninapofanya kazi ya kusuka wakaanza kuniuliza nimetumia dawa gani.

Chanzo kilikuwa majengo. Mume wangu alikuwa anasoma shahada ya uzamili ya usanifu, na katika majengo yote ya dunia hii akachagua kuandika juu ya nyumba za wageni za Wagiriki wa kale, zile zilizojengwa kando ya mahekalu ili watu waliotoka mbali kuja kuabudu au kutafuta tiba wapate pa kulala. Moja aliipenda kupita zote, ile ya mahali panapoitwa Epidauro, ambako watu walipeleka wagonjwa wao kwa mungu wa uganga. Mgonjwa alilazwa kwenye ukumbi mtakatifu asubiri kuoteshwa dawa usingizini, na waliokuja kutoka mbali walipata vyumba kwenye nyumba kubwa ya wageni, mwendo mfupi kutoka hapo. Leo imebaki misingi tu na vizingiti vya milango.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mraba, ndani imegawanywa nyua nne, kila ua umezungukwa na nguzo, na nyuma ya nguzo ni vyumba, milango ikitazama uani. Nayajua haya kwa sababu mfano wake, wa karatasi ngumu na gundi, ulikaa juu ya meza yetu ya kulia kuanzia mwezi wa tatu hadi wa nane. Sisi wenye meza tulikula tumepakata sahani.

Mfano ule hakuutengeneza peke yake. Alisaidiana na mwenzake wa darasani, msichana wa Kikongo aliyeletwa Durban na wazazi wake kutoka Bukavu akiwa mdogo, sasa wanakaa Westville kwenye nyumba yenye miti mingi. Ana kigari cheupe. Jioni alikuwa akimrudisha mume wangu na kumshusha pale kwenye robot, ndivyo wanavyoita hapa taa za barabarani, kwenye kona yetu, na mimi niko dirishani, ghorofa ya tatu, naona taa imegeuka kijani na gari haliondoki. Inakuwa nyekundu tena, inakuwa kijani tena, ndipo mume wangu anashuka huku anacheka. Nilikuwa najiuliza ni maneno gani hayo yasiyoisha.

Siku ya kwanza alipopanda kwetu alinisalimu, yaya, habari yako. Nikamkazia macho. Kwetu Tanzania yaya ni msichana wa kazi, wa kulea mtoto wa mwenzake. Mume wangu akawahi kunieleza kwamba kwa Wakongo yaya ni dada mkubwa, ni neno la heshima kabisa. Nikatabasamu kwa meno, lakini moyoni nikasema, na ukubwa nao kaniongezea. Yeye alikuwa na miaka ishirini na sita, mimi thelathini na tatu.

Walikuwa wakikaa pale mezani na gundi yao wakichanganya Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa. Wiki nzima walishangaa kwamba Kigiriki kina neno moja tu kwa mgeni uliyemkaribisha na mgeni usiyemjua kabisa. Walilirudia neno hilo utadhani wamelichimbua wao. Mimi nilikuwa nakaanga samaki hatua tatu kutoka hapo, najisemea, jamani, na Kiswahili je, si mgeni ni mgeni? Hakuna aliyeniuliza.

Sasa inabidi niseme jambo ambalo mume wangu hapendi lisemwe. Kabla hajanioa nilifanya kazi gesti. Najua msomaji wa Tanzania ameshakunja uso. Nyumba ya kulala wageni ni maneno ya kwenye kibao. Gesti ni neno la umbea. Ukisema fulani kaonekana anatoka gesti, ndoa imeshaingia doa hapo hapo, wala hakuna atakayeuliza kama alikwenda kusinzia tu. Na mimi nilikuwa mhudumu wa gesti ya vyumba kumi na viwili mjini Morogoro, jirani na hospitali, kwa miaka minne. Mchana walikuja wale wa saa moja moja, mnawajua. Lakini wengi hasa walikuwa ndugu wa wagonjwa, watu wa vijijini na masufuria yao na mikeka yao, wanaokaa wiki mbili, wiki tatu, wakingoja mtu wao apone au asipone.

Mama mkwe alipoambiwa kazi yangu alikaa kitandani siku mbili. Mwishowe harusi ilifungwa kwa makubaliano kwamba nilikuwa hotelini, mapokezi. Tulipofika Durban mume wangu aliniomba, kwa upole kabisa, nisitaje gesti mbele ya watu wa chuo. Nikakubali. Nilimpenda, na nilifikiri nimeacha neno moja tu.

Jumamosi moja asubuhi, tuko wawili tu, mume wangu akakwama. Aliweka kalamu chini akauliza, nadhani alikuwa anajiuliza mwenyewe, kwa nini Wagiriki wale waligeuzia milango yote ndani wakati nje kuna milima na miti ya kupendeza. Kule Olimpia, alisema, nyumba ya wageni ilizungushiwa nguzo kwa nje pande zote nne, fahari tupu. Kwa nini hii imejifunga hivi? Mimi nilikuwa nakata vitunguu. Nikamjibu kwamba hiyo ya Olimpia bila shaka ilikuwa ya wakubwa, watu wanaotaka ionekane walikofikia.

"Mtu aliyeleta mgonjwa hatafuti mandhari," nikamwambia. "Anatafuta kumsikia wa chumba cha pili naye bado hajalala."

Nikamweleza kwamba kule Morogoro vyumba vinne vilitazama barabarani na vinane vilitazama uani. Ndugu wa wagonjwa walikuwa wakigombea vya uani, ingawa vilikuwa na joto na moshi wa jiko.  Mume wangu akavuta karatasi akaandika.

Kuanzia hapo kila Jumamosi ikawa ni maswali. Kwa nini nyua nne, kwa nini si ua mmoja mkubwa? Nikamwambia bosi wetu alikuwa na utaratibu wake: waliofiwa aliwahamishia vyumba vya nyuma, hata ikiwa wamebakiza siku moja waondoke, kilio chao kisiwafikie ambao mtu wao bado anapumua. Akasema haiwezekani iwe hivyo, maana pale Epidauro sheria ilikataza mtu kufia ndani ya eneo takatifu. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na si ya vitunguu. Nikamuuliza kama na hao wanaokufa walikuwa wamesomewa hiyo sheria. Akaandika na hilo. Akanionyesha picha ya kizingiti kilicholika upande mmoja, nikamwambia ni kwa sababu mtu wa gesti haongei na jirani akiwa ndani wala nje, anasimama na mguu mmoja pale pale kwenye kizingiti. Naapa zile ndizo Jumamosi tamu kuliko zote za ndoa yangu. Alikuwa ananitazama usoni ninapoongea. Nilianza kununua vitunguu vingi kuliko tunavyokula.

Basi jioni moja mwezi wa sita mume wangu yuko bafuni, simu yake ameiacha juu ya mfano, katikati ya ua mmojawapo, ikaingia meseji ya sauti. Sijawahi kuwa mtu wa kushika simu ya mume, lakini siku hiyo kidole kilikwenda chenyewe. Ilikuwa sauti ya yule Mkongo, ana haraka, nyuma yake magari yanapiga honi.

"Ule dada ya gesti, utanipeleka kwake siku gani? Kila siku unaongea naye, mi naona umemuficha. Eish, ule mwanamuke iko na akili. Kama mi ningekuwa mwanaume, ningemuoa."

 Mume wangu ana dada wa gesti. Anaongea naye kila siku, amemficha, na rafiki yake anajua. Binti wa watu hakuwa na kosa, neno gesti amelipokea kwa mume wangu, na kwake lina maana ya nyumba ya wageni na basi. Lakini sikioni mwa Mtanzania neno lile liliingia na uchafu wake wote. Na msiniulize kwa nini sikujifikiria mimi mwenyewe. Mimi nilikuwa mke. Gesti yangu tuliizika Morogoro, na aliyeshika jembe alikuwa yeye.

Yule Mkongo nilimsamehe dakika ile ile, nikaona kumbe nilikuwa nampotezea muda wangu. Wivu wote niliuhamishia kwa huyo dada. Nilinusa mashati. Nilipita barabara za Overport nikihesabu vibao vya nyumba za wageni, nasimama ng'ambo najifanya nasubiri taxi, naangalia nani anaingia. Mteja mmoja saluni alisema Chatsworth kuna mwanamke anapangisha vyumba kwa Watanzania. Siku yangu ya mapumziko nikapanda taxi mpaka huko, nimevaa vizuri, nimejipaka, ili akiniona ajue anashindana na nani. Nikamkuta ajuza wa Kihindi anayetembelea fimbo. Alinikaribisha chai na roti, akaniuliza nataka chumba cha siku ngapi.

Kilichoniumiza zaidi ni ile akili. Angesifiwa makalio ningejua pa kuanzia. Lakini mwanamke mwenye akili unamshindaje? Nilijiuliza anamwambia nini mume wangu, anatumia maneno gani, anakaa vipi anapoongea. Jumamosi mume wangu akija na maswali yake, mimi nikawa najibu sijui. Akiuliza tena, namwambia amuulize anayejua. Alinitazama haelewi, akarudi kwenye karatasi zake, na mimi nikabaki nakata vitunguu kwa hasira. Wiki nne hakupata neno kwangu, na niliona wazi kazi yake imelala.

Mwezi wa nane akanipa flashi nikamchapishie tasnifu yake kwenye duka la chini ya jengo letu, nakala tano, zifungwe vizuri. Nilisimama kwenye mashine karatasi zikitoka na moto wake, na jambo la kwanza nililofanya ni kumtafuta yule mwanamke. Kiingereza changu ni cha saluni, lakini nina kamusi kwenye simu na nilikuwa na nia mbaya. Ukurasa wa shukrani ulitaja walimu, ukataja yule Mkongo kwa jina lake kamili, na mwisho ukanishukuru mimi, mke wake, kwa uvumilivu na chakula. Nikafungua mbele. Sura ya nne nzima ilitegemea mahojiano na mhudumu wa zamani wa nyumba ya wageni, mwanamke, Tanzania, ambaye hakutaka kutajwa jina. Nikasoma alichosema. Aliyeleta mgonjwa hatafuti mandhari. Waliofiwa huhamishiwa nyuma. Kizingiti hulika upande mmoja.

Nilicheka kwa sauti pale dukani hadi mwenye mashine akadhani karatasi zimekwama. Nilikuwa nimempata. Nilikuwa nimepanda taxi mpaka Chatsworth kujitafuta mimi mwenyewe. Kwa ngazi mbili tatu za jengo letu hakukuwa na mwanamke mwenye furaha kuliko mimi Durban nzima.

Ngazi ya nne nikasimama. Nikafungua tena nakala moja, pale pale, mzigo nimeuweka chini. Mume wangu alikuwa amemwita yule mhudumu mwenye busara, mwenye jicho kali, mtu aliyemfungua macho. Miaka saba ya ndoa sijawahi kuambiwa jambo kama hilo. Yeye kapewa sura nzima, mimi nimepewa uvumilivu na chakula. Na hilo la kwamba hakutaka kutajwa, alimuuliza lini? Nilikuwepo Jumamosi zote, sikusikia swali hilo. Wivu ulinirudia hapo ngazini, na safari hii ulikuwa mbaya kuliko wa kwanza, kwa sababu mwanamke niliyekuwa namwonea nilikuwa namjua vizuri na nilijua alistahili.

Sikumwambia kitu. Nilimkabidhi nakala zake, nikampakulia. Nilijiwekea nadhiri moja tu: siku ya kuitetea tasnifu watamuuliza huyo mhudumu ni nani, lazima watauliza, na mimi nitakuwepo ukumbini. Akisema ni mke wangu, yule pale, nitamsamehe yote, na mama yake nitamsamehe. Asiposema, nitajua nimeolewa na nani. Aliniomba nikaange sambusa za wageni. Nikakaanga trei mbili.

Ukumbi ulikuwa mdogo, mfano umewekwa katikati kwenye meza, wasahihishaji watatu mbele, wanafunzi na jamaa nyuma. Nilikaa safu ya mwisho, na yule Mkongo akaja kukaa kando yangu. Mume wangu aliongea vizuri, siwezi kumnyima hilo. Alipofika kwenye milango inayotazama uani alisimama kidogo, akasema yale maneno yangu kwa Kiingereza, na watu wakatikisa vichwa. Nilisikia mwili mzima ukipata joto la fahari. Maneno niliyoyasema na kisu mkononi yalikuwa yanasikilizwa na maprofesa.

Msahihishaji mmoja, mama wa makamo mwenye miwani shingoni, akasema sura ya nne ndiyo moyo wa kazi nzima. Akauliza mhudumu huyo ni nani, na kama kuna uwezekano wa kuonana naye, maana angependa kumuuliza mengi zaidi. Nilikaa sawa. Nilirekebisha mtandio. Mume wangu aliinua kichwa, macho yake yakapita juu ya viti safu baada ya safu mpaka yakanifikia, yakatulia kwangu. Aliniona, na aliona kwamba najua. Kisha akayarudisha kwenye mfano, akasema kwa bahati mbaya yule mama alirudi Tanzania na namba yake haipatikani tena.

Mimi sikulia. Nilisikia tu kitu fulani kikitulia kifuani, mahali ambapo kwa miezi kilikuwa kinapiga kelele. Kando yangu yule Mkongo alisonya taratibu kwa masikitiko. Akaninong'oneza kwamba ana swali limemkaa kichwani mwaka mzima, alitaka kumuuliza ule dada, na sasa ndio basi. Nikamuuliza ni swali gani.

"Ile milango yao," akasema. "Watu wakilala, walikuwa wanaifunga, ao walikuwa wanaiacha wazi?"

Nikamjibu. Nilimwambia ambaye mgonjwa wake ana nafuu anafunga, anajifunika, anakoroma. Ambaye mgonjwa wake ana hali mbaya anauacha mlango wazi kiasi cha kiganja, ili mtu wa hospitali akija na habari asilazimike kubisha, kwa sababu akibisha mlango mmoja wanaamka vyumba vyote, na kila mmoja anadhani ni wake. Nikamwambia ukipita pale alfajiri na ndoo yako ukaona mlango umeachwa hivyo, unavua ndala, unapita miguu mitupu.

Aligeuka kunitazama vizuri. Mbele watu walikuwa wameanza kupiga makofi, mume wangu anapeana mikono na wasahihishaji.

"Ulikuwa unapita wewe?" akauliza.

"Miaka minne," nikamwambia.

Alimwangalia mume wangu kwa muda mrefu, akanirudia mimi, na usoni pake niliona amemaliza kujumlisha. Hakusema pole. Alifungua daftari lake kwenye ukurasa mweupe, akaniuliza jina langu lote, langu na la baba yangu, na linavyoandikwa, asije akakosea. Nikaanza kumtajia herufi moja moja. Mume wangu akaniita kutoka mbele, anatabasamu, mkono begani kwa profesa wake, kwamba mke wangu lete sambusa, wageni wanasubiri. Nikamjibu trei ziko pale kando ya mlango, azichukue mwenyewe, kisha nikaendelea na herufi ya tatu.